Cornelia Ahamia Kijijini kwa Furaha

Urbano alikuwa mhariri wa gazeti la mkoa pale Sumbawanga, na kazi yenyewe, tukisema kweli, ilikuwa kuhakikisha wananchi wote wanafurahi. Mvua ikikosa, gazeti lilifurahi. Mbolea ikichelewa, lilifurahi zaidi. Jioni mhariri alirudi kwenye nyumba yake ya serikali, akala peke yake huku upepo wa Ufipa ukipiga mabati.

Hakuwa na mtu ila dada yake mkubwa, Cornelia, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Wakati wa operesheni ya vijiji, mwaka wa sabini na nne, mgambo walimhamishia Cornelia kijiji kipya upande wa Msanzi, wakachoma nyumba yake na ghala la ulezi likiwa limejaa. Akaja mjini kwa miguu kumwomba mdogo wake jambo moja tu: aandike kwamba ulezi uliungua. Urbano akaahidi.

Akaandika kweli. Mkuu wake akasoma, akamrudishia karatasi, na Urbano akaelewa. Wiki ile gazeti likatoka na habari ya Mama Cornelia aliyehamia kijijini kwa furaha. Urbano alijipa moyo kwamba dada yake hajui kusoma.

Alisahau kisomo cha watu wazima, ambacho yeye mwenyewe alikipigia debe kila toleo. Vitabu vilikuwa haba, hivyo madarasa ya kijijini yalisomea gazeti lake. Cornelia alisimamishwa mbele ya wenzake, akaisoma furaha yake silabi kwa silabi mpaka mwisho. Mwalimu akampigia makofi.

Urbano aliyasikia hayo kwa dereva wa ofisini, aibu ikamtafuna. Jumapili akaenda na sukari na kanga, amedhamiria kupiga magoti, maana bila dada huyo hakuwa na kwao. Alimkuta uani. Kabla hajafungua mdomo, Cornelia alikunja goti.

"Shikamoo, mzee."

Mkubwa wake anamwamkia yeye! Urbano alitamani kulia. Akaletewa kiti cha wageni, kikawekwa nje, na ugali ukaja kwenye sahani ya peke yake. Ndani, Cornelia na wanawe walizunguka chungu kimoja karibu na mafiga. Urbano akasimama mlangoni na sahani yake, akaomba aingie akale nao.

Cornelia hakuonyesha hasira.

"Kula hapo hapo, mzee," alisema. "Humu ndani tunazungumza."