Kadi Isiyopita kwa Mtangazaji

Ndoto ya mchana watu huisingizia shibe. Hii ninayowasimulia haikutokana na shibe, maana Bi Mwantumu siku hiyo hakugusa chakula. Alikuwa nesi mstaafu wa Korogwe, mtaa wa Manundu, na kwa miaka thelathini na moja hakukosa kipindi cha taarabu asilia kilichorushwa na redio yao kila adhuhuri. Wasikilizaji wenzake hawakumjua kwa jina lake. Walimjua kama Sindano Haiumi, kwa kuwa ndivyo alivyojiandika kwenye kadi za salamu, zile unazojaza jina lako, wimbo unaoutaka na orodha ya unaowasalimu, kisha mtangazaji Mhina akazisoma hewani. Wa kwanza kwenye orodha yake siku zote alikuwa Baridi Kali wa Soni, yaani mzee Hizza, mkulima wa huko milimani, ambaye naye hakuacha kumrudishia salamu. Hawakupata kuonana hata mara moja. Lakini thubutu kumwambia Bi Mwantumu kwamba hao si marafiki, uone atakavyokutimua.

Sasa bibi huyu alikuwa na tabia yake. Chini ya kadi, baada ya salamu, alipenda kumwandikia Mhina maneno ya pembeni: fulani kazidi kujisifu, fulani taarabu haijui, yule wa Handeni aache kuomba wimbo uleule kama anayemeza dozi. Mhina akicheka peke yake studio, akisoma salamu, na ya pembeni akiyameza. Walizoeana hivyo. Kisha kadi zikatoweka madukani, salamu zikahamia kwenye ukurasa wa mtandaoni, na Bi Mwantumu, kwa simu yake mpya aliyonunuliwa na mwanawe, akaandika maoni yake ya kwanza kama alivyozoea kujaza kadi. Mzee Hizza alikuwa ameomba wimbo mmoja wa zamani, akisema ndio ulioimbwa kwenye harusi yake mwaka sabini na nne. Bi Mwantumu akamsalimu kwa heshima zote, yeye na watu wote wa Soni, halafu chini akaongeza: "Mhina, wimbo huu umetoka sabini na tisa. Tangu mkewe afe, kichwa cha mzee huyu kimekwisha kazi."

Mkwewe, Nasra, ndiye aliyemjia asubuhi na simu mkononi, uso umemsawijika.

"Mama, mbona umeandika hivi?"

"Hayo ya Mhina. Si atayakata mwenyewe?"

"Mama, huku hakuna wa kukata. Ukibonyeza tu, wameona wote. Watu mia nne wamecheka, na mzee mwenyewe kasoma."

Nasra akayafuta, lakini watu walikwisha kuyapiga picha na kuyasambaza. Siku nane zikapita bila salamu kutoka Soni. Siku ya tisa Mhina akamwita hewani, "Baridi Kali, tunakungoja baba," akaupiga ule wimbo mpaka mwisho, na hakuna aliyejibu. Bi Mwantumu alisikia aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Hata hivyo, na hapa ndipo ninapomwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja, alipochukua simu hakuandika samahani. Aliandika kwamba watu wamemwelewa vibaya, na kwamba kuhusu mwaka wa wimbo alisema kweli tupu. Kabla hajaumaliza utetezi huo, usingizi ukampitia palepale kwenye kochi.

Akajiona anaingia katika nchi tambarare isiyo na kivuli hata cha kuku kujibanza, watu wamejaa kama siku ya gulio, na kila mmoja kashika tarumbeta analipiga usoni pa mwenzake. Mlangoni alisimama mtu mwembamba asiyeweza kutuliza miguu, akigawa matarumbeta bure. "Mimi Haraka," alisema, na kabla hajamaliza kusema alikwisha kumtia la kwake mkononi. "Piga, mama, piga! Usiwaze, watakutangulia!" Ajabu ya matarumbeta yale, kila neno lililotoka lilidondoka chini likawa kitu: hapa punje ya mpunga, pale pumba, pale jiwe, vyote vikichanganyika miguuni mwa watu wasiotazama chini. Katikati ya uwanja, juu ya mito ya hariri, alikaa mwanamke mnene mwenye dhahabu hadi vidoleni, akiokota mawe tu na kuyatafuna, na kila akitafuna uwanja mzima ulicheka. Huyo alikuwa Kejeli. Alipomwona Bi Mwantumu alimpungia mkono kama watu waliolelewa nyumba moja. "Karibu, shoga yangu! Lile lako la mke wa mtu lilikuwa tamu. Huna jingine?" Bi Mwantumu akataka ardhi impasukie aingie.

Mkono wa baridi, mkono mpole, ukamshika begani. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyejitanda kanga, kwapani ana ungo uliochakaa. "Twende taratibu," alimwambia. "Mimi naitwa Staha. Miaka thelathini na moja kadi zako zimepita katika ungo huu. Nilikuwa nakaa mezani kwa Mhina, napepeta, pumba napeperusha, mawe naokota, ndipo nampa asome. Wewe ulidhani una ulimi mzuri. Ulimi ulikuwa huohuo, mwanangu, ila palikuwa na mtu katikati." Bi Mwantumu akamuuliza siku hizi anakaa wapi. Staha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Meza imeondolewa, na kiti changu pamoja nayo. Sasa napita mlango kwa mlango kuomba pa kukaa. Kwako nilibisha jioni ile ulipokuwa ukiandika. Ulisema nani huyo ananisumbua, ukaendelea."

Bi Mwantumu akainamisha kichwa, lakini moyo wake, ambao ulikuwa wa kiburi tangu ujana, ukapata neno la kujitetea. "Mbona nilisema kweli? Wimbo ni wa sabini na tisa." Staha akamwonyesha kando ya njia, ambako jitu moja lililovaa koti la heshima lilikuwa likipita na kitoto cha kike kimefungwa mgongoni kwa kamba, kinalia kwikwi. "Muulize mwenyewe. Yule mdogo ndiye Kweli." Basi kitoto kikamtazama kwa macho maangavu mno, kikasema, "Sikwenda Soni kwa miguu yangu, bibi. Huyu Kiburi ndiye aliyenibeba. Mimi nikienda kwa watu huwa na shughuli nao: namwambia mgonjwa ugonjwa wake ili apone. Kwa mzee yule nilikuwa na shughuli gani?" Bi Mwantumu, aliyekuwa ameshika mikono ya wagonjwa nusu ya umri wake, alijua vizuri neno hilo linasema nini. Machozi yakamtoka bila kelele, naye akaliacha tarumbeta lidondoke.

Wakashuka bondeni, mahali palipoitwa Kimya, na kelele za uwanja zikabaki juu. Bondeni palikuwa na jiwe moja, na juu yake mzee amekaa, amewapa mgongo, karibu yake redio inayoimba kwa sauti ya chini. Bi Mwantumu hakuijua sura yake, maana hakupata kuiona, lakini mgongo ule aliujua kama anavyomjua ndugu. Akamwita. Sauti yake haikufika. Akageuka kutafuta tarumbeta, Staha akamzuia. "Ukiita kwa lile watasikia wote wa juu, watakusifu kwa unyenyekevu wako, na yeye atabaki palepale. Nenda kwa miguu, hadi karibu, mpaka usikie anavyopumua. Ungo huu ubebe wewe sasa." Akamkabidhi. Bi Mwantumu akatembea, miguu mizito, akafika hatua moja tu nyuma ya mzee yule, akanyoosha mkono.

Akaamka. Jua la alasiri lilikuwa dirishani, na simu kifuani ilikuwa bado na maneno yake ya utetezi. Aliyasoma kama mtu anayesoma barua ya adui, akayafuta moja baada ya moja. Kisha akafanya jambo ambalo kwa miaka yote ile hakuwahi kulifikiria, kwa sababu redio ilikuwa ikilifanya kwa niaba yake: akampigia Mhina, akaomba namba ya mzee Hizza.

Simu iliita sana.

"Shikamoo, kaka Hizza."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Mwantumu. Ni yule Sindano Haiumi." Safari hii hakukimbilia kujitetea. Alisubiri kwanza, ndipo akasema, "Nilikutukana, na marehemu nikamtia mdomoni mwa watu. Sina sababu ya kukupa. Nisamehe, kaka yangu. Kesho nitaandika kwamba nilikosa, palepale nilipoandika yale, lakini nimetaka uanze kusikia wewe."

Mzee akakohoa. Alipozungumza, alizungumza polepole.

"Najua wimbo ni wa sabini na tisa, Bi Mwantumu. Nilikuwa mpenzi wa taarabu kabla yako. Harusini kwetu hakukuwa na wimbo wowote, tulikuwa maskini, shangazi zake walimpigia debe tupu badala ya ngoma. Ulipotoka ule wimbo akaupenda, akaanza kuwaambia watoto kwamba ndio ulioimbwa siku ile. Mwaka hadi mwaka, mpaka akauamini. Mimi nikamwachia. Nimemwachia mpaka kaburini, na sasa namsemea."

Bi Mwantumu akafunika mdomo kwa kiganja. Miaka mingapi amemsalimu mwanamke yule hewani kwa jina la mama watoto, na hakupata kuuliza zaidi.

"Alikuwa akiitwa nani?" akauliza.

"Hidaya," alisema mzee. "Una nafasi nikusimulie?"

"Ninayo, kaka," alisema, akaketi vizuri asikilize.