Mzazi Ndani ya Kioo

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepiga hodi kwenye tangi la samaki, nikajibiwa.

Kwanza niseme nilifuata nini huko. Tangi ni la mjukuu wangu Mize, liko sebuleni kwa mwanangu hapa Dodoma, tunakokaa sote watatu. Siku liliponunuliwa tulitia maji ya bomba, na papo hapo tukatia samaki, mwekundu, Mize akamwita Karoti. Karoti hakumaliza wiki. Tangu tumzike, ndani ya pakiti ya maziwa, mtoto hakanyagi sebule. Ukimsemesha anajibu kwa kichwa.

Mamake amechagua samaki wengine wawili, wako dukani wanangoja. Muuzaji kasema safari hii maji yaachwe kwanza yakomae bila samaki, pampu iende, na kila siku yatiwe chembe ya chakula. Chakula cha nani, sikuuliza. Jana natazama, maji yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele! Nikamwahidi Mize: asubuhi namwaga yote, nasugua tangi, nafua na ile sponji ya kichujio kwa sabuni, kisha tunawafuata samaki wako. Akaitikia kwa mdomo, mara ya kwanza. Na hawa nao wakifa, mtoto yule sijui nitamrudisha kwa njia gani.

Basi ndotoni niko mlangoni pa tangi, ndoo mkono huu, stilwaya mkono huu.

"Hodi."

"Hodi yenye ndoo siipokei," sauti ikajibu. "Iweke chini kwanza."

Aliyesema ni Sponji. Mama mtu mzima, mweusi, vitundu mwili mzima, amekaa mkekani anapunga upepeo. Nyuma yake pana kitanda, na kitandani amelala Maji, kajifunika mpaka kidevuni. Maji ana kidevu, na mimi sikushangaa.

Nje wamesimama samaki wawili, kila mmoja ndani ya mfuko wake wa nailoni, wamejipara kama waendao harusini. Mmoja ameshika kilo ya sukari.

"Tumekuja kumtazama mzazi," akasema.

"Mzazi hatazamwi leo," Sponji akajibu. "Rudini na sukari yenu. Au iacheni sukari, mrudi wenyewe."

"Mimi si mgeni," nikasema. "Ni mtu wa nyumba hii. Nimekuja kufua."

"Kumfua nani?"

"Wewe."

Sponji akacheka mpaka akachuruzika. "Haya, Bi Mwaka. Nasikia kwa vitendawili hushikiki. Kitendawili!"

"Tega."

"Nawalisha na siwaoni, nikiwaogesha wanakufa."

Nikasema vumbi. Akasema la. Nikasema kutu. La. Nikasema wivu. Akafikiri kidogo, akasema si mbali, lakini la.

"Nipe mji."

"Nakupa Muheza."

Kumbe huko mji ukitolewa unatolewa kweli. Tuko stendi ya Muheza, juani, pamoja na tangi na kitanda na mkeka. Wachuuzi wanawatembezea samaki machungwa, wanayapitisha juu ya mifuko. Sponji anazunguka mji, anarudi mzito, anadondoka maji ya machungwa.

"Nimekwenda Muheza, nimekula, nimenywa, nimewaamkia wazee. Wanakusalimu. Wanasema ulipokuwa mdogo ulikuwa na akili. Hainitoshi. Nipe mwingine."

"Nakupa Pangani."

Lilinitoka kabla sijafikiri. Tuko chumbani, Pangani, nyumbani kwa mama yangu, chumba nilicholala nilipomzaa mamake Mize. Dirisha lilelile, ubao mmoja umelegea. Mama simwoni, lakini namsikia ukumbini anawarudisha watu kwa upole, "Amelala. Njooni kesho. La, na kesho pia amelala."

Naitazama ndoo yangu. Imekuwa bakuli la uji wa pilipili manga, unafuka moshi. Nikamnywesha Maji, nikimshika kisogo. Alikunywa wote, akajifuta mdomo kwa shuka.

"Bi Mwaka," akasema, "nasikia umeniita mchafu."

"Umekuwa mweupe, mama."

"Maziwa yameingia."

Wazazi wangapi nimewakanda kwa mikono hii, nikawalisha, nikawafungia mlango mpaka arobaini yao itimie. Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Na watoto wako wapi?"

Akamnyooshea Sponji kidole. Nasogea, natazama. Katika kila kitundu cha Sponji amelala mtoto, mdogo kuliko chembe ya poda. Wengine wamelala juu ya mawe, wengine wameshikilia kioo. Wote wamekunja ngumi. Nikawa napumua upande, nisije nikawapeperusha.

"Hao ndio wanaokula kile chakula," Maji akaniambia. "Kikioza, ndipo wanapokila. Ndivyo wanavyokua na kuongezeka. Samaki anakunya humuhumu alimo, Bi Mwaka. Asipokuwapo wa kuupokea uchafu wake, unageuka sumu."

"Na Karoti?"

"Karoti alikuja mimi sijazaa. Hakukuta mtu."

"Aliteseka?"

"Alichoka. Aliulizia kama Mize amekula."

Hapo jibu la kitendawili nikawa nalo. Lakini Sponji alikuwa amekwisha sinzia, na watoto wote wako juu yake. Sikumwamsha.

Samaki wawili walikuwa wangali kizingitini.

"Tutangoja," yule wa sukari akasema kwa sauti ya chini. "Sisi haraka hatuna. Mwenye haraka ndiye aliyekuja na ndoo."

Maji akajigeuza kitandani. "Bi Mwaka, tumbo langu limelegea. Nifunge mkaja."

Nikavua khanga yangu ya juu. Kumfunga Maji tumbo msiulize. Ukibana huku anatokea kule. Nikamwambia, vuta pumzi. Akavuta, yakatoka mapovu. Nikazungusha, nikakaza, nikapiga fundo la ubavuni, lile alilonifundisha mama. Akashukuru, akafumba macho. Nikaacha kiganja changu juu ya tumbo lake. Lilikuwa vuguvugu.

"Bibi! Bibi, kumekucha!"

Ni Mize, ananiita toka kwenye mlango wa sebule. Nikaamka nikamfuata. Amesimama pale na ndoo tupu, mguu mmoja ndani ya sebule, mmoja nje.

"Bibi, nani amelivisha tangi?"

Khanga yangu imelizunguka tangi, imekazwa sawasawa. Kwa nyuma kioo kimegusana na ukuta, hata kidole hakipiti, na likiwa na maji lile halisogezwi na mtu mmoja. Fundo liko ubavuni. Nikaligusa. Katika nyumba hii fundo lile nalijua mimi peke yangu, na mimi usiku kucha nilikuwa kitandani.

"Tunamwaga?" Mize akaniuliza.

"Hatumwagi, mjukuu wangu. Huyu ni mzazi, hajatoka arobaini. Samaki wako watakuja akishatoka."

Nikamngoja ageuke aende zake. Nilikuwa nimemwahidi leo, na leo nimemnyima. Aliyatazama yale maji meupe, akaitazama khanga. Kisha akauingiza na mguu wa pili, akaitua ndoo polepole, na kishikio chake akakilaza kwa mkono kisilie.

"Amezaa nini?" akaninong'oneza.

Kabla sijajibu, mamake akatokea kutoka chumbani na viatu vyake vya kazini, ko, ko, ko, anauliza kwa sauti funguo zake ziko wapi. Mize akamgeukia, akaweka kidole mdomoni.