Mkono wa Kushoto wa Koti

Kila mwaka, akifika kwenye somo la tatu, Mwalimu Donat hushika chaki, huvuta kidogo mkono wa kushoto wa koti lake, ndipo huandika ubaoni: Dola ni nini? Wanafunzi hucheka chini chini. Wanadhani ni uzee. Waache wacheke, nao watazeeka.

Hawajui kwamba mkono ule ulianza kuvutwa mwaka 1961, katika mji huu huu wa Lubumbashi, wakati ule ukiitwa Elisabethville, Katanga imejitenga na Kongo na kujitangazia uhuru na hakuna dola hata moja duniani iliyoitambua. Basi fikiria kusoma misingi ya sheria ya kimataifa mahali pale! Profesa alitaja masharti: watu, ardhi, serikali, uwezo wa kushughulika na dola nyingine. Nje ya dirisha kulikuwa na bendera mpya.

Donat alikuwa mtoto wa Adalbert, fundi cherehani wa mtaa wa Kamalondo aliyetoka mkoa jirani wa Kasai. Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Zéphirin, mtoto wa mfanyakazi wa reli, kwao Pweto, huko huko Katanga. Mitihani ilikuwa ya mdomo, na bila koti huingii. Wao hawakuwa na koti. Mzee Adalbert aliwapima, akaguna: Zéphirin mrefu, Donat mfupi.

“Nitashona veste moja ya bantu babili,” alisema. “Mikono nitaiacha mirefu. Zéphirin akitoka, Donat ataikunja na pini.”

Ndivyo walivyofanya mwaka wa kwanza. Walibadilishana koridoni, mmoja jasho likimtoka, mwingine pini mdomoni, wakicheka mpaka karani akawafokea. Ee, siku zile!

Agosti ya 1961 wakagombana. Walikuwa wakilibishania somo lile barazani kwa Mzee Adalbert, na Donat akasema masharti hayajatimia, Katanga si dola. Zéphirin akawaka.

“Huku njo kwetu! Mweye bantu ba Kasai muko bageni tu.”

Mzee Adalbert alisimamisha cherehani. Zéphirin akaondoka na koti, kwa kuwa ilikuwa zamu yake kulitunza.

Haukupita muda, watu wa Kasai wakaanza kuwindwa majumbani mwao. Familia ya Donat ikakimbilia kambi ya wakimbizi, kwenye ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Cherehani ikabaki nyuma. Mtihani ulikuwa Oktoba. Akiukosa, mwaka mzima umekwenda na maji, na baba yake hakuwa tena na kitu kingine cha kujivunia. Afisa mmoja alikubali kumpeleka kwa jipu: nusu saa, kisha warudi. Donat akatia pini nne mfukoni. Koti lilikuwa kwa mtu aliyemwita mgeni, na hakujua kama angepewa.

Alifika koridoni mlango ukifunguliwa. Zéphirin akatoka, amelivaa. Wakatazamana. Donat aliona aibu kuomba. Mwenzake akalivua, akamnyooshea.

“Vala mbio. Njo zamu yako.”

Donat akatoa pini, akashika mkono wa koti aukunje, akakuta umeshakunjwa. Umeshonwa kwa uzi mweusi, mishono mikubwa ya mtu asiyejua sindano, na wa kushoto umezidi wa kulia urefu kidogo. Hapo ndipo alipoelewa: Zéphirin alikuwa amekaa mbele ya profesa vifundo vya mikono viko nje, kama mtoto aliyevaa nguo za mwaka juzi.

“Nilijua utakuja mbio, hautakuwa na temps ya pini,” Zéphirin alisema.

“Alikuuliza nini?”

“Masharti ya dola.” Aliinamisha kichwa. “Nilijibu sawa vile ulisema pale kwa papa Adalbert. Umuambie papa anisamehe.”

Donat alifaulu. Alipotoka, jipu lilikuwa limeshawashwa, hata hakupata nafasi ya kulivua koti. Mwaka uliofuata treni ikampeleka Donat na familia yake Kasai, na aliporudi Lubumbashi baada ya miaka mingi, Zéphirin alikuwa ameshazikwa Pweto.

Koti limebadilishwa bitana mara mbili, na vifungo vyote ni vipya. Kila fundi wa Kamalondo anayelipokea humwambia jambo lile lile:

“Papa, mukono wa kushoto iko murefu. Niirekebishe?”

“Uache vile,” hujibu Donat. “Ule mwenye aliishona, alikuwa ndugu yangu.”