Ushauri wa Rwehumbiza kwa Wageni wa Angani

Kama kuna mtu Mwanza nzima aliyekuwa na sifa zote za kufundisha wenzake namna ya kufa angani, basi ni Mwalimu Rwehumbiza wa Buswelu. Alikwisha kulipuliwa na maharamia, akalipuliwa na walinzi wa amani, na siku moja, usicheke, akalipuliwa na bomu lake mwenyewe. Ndipo akajiteua kuwa mshauri wa wanaoanza.

Gemu lenyewe ni la mtandaoni. Watu wa dunia nzima wamo humo na meli zao za angani, wanachimba miamba, wanauziana, wanaporana. Ukilipuliwa umelipuliwa, meli imekwenda na mzigo wake wote. Mkewe Eugenia aliliita ajira isiyo na mshahara, na walimu wenzake shuleni walimcheka waziwazi. Aliyemwelewa alikuwa Ngosha, fundi friji wa Nyakato, ambaye alikuja kutengeneza friji ya Eugenia, akaona kilichokuwa kwenye kompyuta, akasahau friji. Tangu Rwehumbiza ahamishiwe Mwanza kutoka Bukoba, huyo ndiye rafiki pekee wa kweli aliyempata. Ngosha naye akamleta shemeji yake Dorcas, muuza dagaa wa pale Mwaloni, Kirumba. Kikosi kikakamilika.

Na maneno mwalimu alikuwa nayo, jamani! "Msipande meli ambayo mkiipoteza mtalia," aliwaambia kwenye spika za masikioni, kwa sauti ileile ya kufundishia mito ya Afrika. "Jifunzeni kukimbia kabla ya kupigana. Na mtu akiwaambia mmpe mali yenu aizidishe maradufu, mkimbieni." Hilo la mwisho alilijua vizuri. Mtu wa namna hiyo, mwalimu alikwisha kumpa mali yake mara mbili, mara ya pili ili ahakikishe.

"Nyie Wahaya," Ngosha alikuwa akimtania, "hata mkifilisika mnafilisika kisomi."

Baada ya miezi ya kuchimba miamba, kana kwamba Mwanza hakuna miamba ya kutosha, wakapata meli kubwa ya mizigo. Wakaijaza kila walichokuwa nacho ili wahamie upande wa anga wenye utulivu. Tatizo lilikuwa moja: njiani kuna geti la kuvukia upande wa pili, ambalo maharamia wanalipenda sana.

"Mwalimu, nakuheshimu," Ngosha akasema. "Lakini hii ikienda, mimi nafuta gemu. Narudi kijiweni kucheza drafti."

Rwehumbiza akacheka, ila moyo ulimpasuka paa! Alimjua Ngosha, hakuwa anatania. Ngosha akiondoka, Dorcas ataondoka naye, na yeye atabaki angani peke yake akijishauri mwenyewe.

Jumamosi mchana wakaanza safari. Dorcas alikuwa mbele na kijimeli cha upelelezi, Ngosha nyuma, na kwenye usukani wa ile kubwa, yenye jina la Mwalimu Rwehumbiza juu yake kila mtu alisome, nani mwingine?

"Sheria ni moja," Rwehumbiza akatangaza. "Mbele ya geti hakuna kusimama. Hakuna kuandikiana na mtu, hata akiwa malaika. Unabonyeza, unapita."

"Tumekuelewa," akasema Dorcas. "Na wewe umejielewa?"

Dorcas akafika getini. "Kuna meli imepaki pembeni hapa, sijaipenda. Mimi napita. Mwalimu, ukifika usizubae." Akapita salama. Rwehumbiza akafika, kidole kikiwa juu ya kitufe. Mara maandishi yakatokea sehemu ya chini ya kioo cha kompyuta.

"Shikamoo mwalimu."

Kiswahili! Humo ndani, ambamo tangu aingie alikuwa ametukanwa kwa Kirusi na Kichina tu! Na si salamu ya juujuu, ni shikamoo kamili. Sasa niambie, mtu aliyelelewa Kamachumu, mwalimu, mzee wa kanisa la Kilutheri, apewe shikamoo halafu apite kimya kama ng'ombe? Kidole kikaondoka chenyewe kwenye kitufe.

"Marahaba," akaandika. "Hujambo?"

"Sijambo. Rwehumbiza wa wapi, wa Kanyigo?"

"Hapana mwanangu, sisi ni wa Kamachumu. Wewe je?"

"Mimi wa Bukoba mjini. Nyumbani hawajambo?"

"Mwalimu, mbona hujatokea huku?" Dorcas akapiga kelele masikioni. "Bonyeza!"

"Ngoja nimuage," akasema Rwehumbiza, na kweli alikusudia kuaga. Lakini ameulizwa habari za nyumbani! Akaandika kwa vidole viwili, bila kuruka mtu, kwamba wote ni wazima isipokuwa mama anasumbuliwa na magoti. Alikuwa anatafuta nukta ya kumalizia wakati kioo kilipogeuka cheupe chote.

Meli ikasambaratika. Jasho la miezi yote likawa linaelea vipande vipande, na yule kijana wa Bukoba akaanza kuokota kimoja kimoja.

"Pole sana, mwalimu," akaandika. "Na mama mpe pole ya magoti."

"Nimeshapoa, asante," Rwehumbiza akajibu. Mikono ilikwisha kuandika kabla akili haijafika.

Siku nyingine angesingizia bando la intaneti limekwisha. Safari hii aibu ilimshika mpaka kwenye nyayo. "Ngosha, upo?" akaita. "Niliwakataza nyie, nikafanya mimi. Nisamehe, ndugu yangu. Usiondoke."

Ngosha akashusha pumzi ndefu. "Nilikuwa nyuma yako. Nimesoma yote mliyoandikiana."

"Najua."

"Nimeshafika mahali pa kufuta gemu. Linaniuliza kama nina uhakika."

Rwehumbiza hakuwa na ushauri wowote.

"Nikawaza," Ngosha akaendelea, "kijana wa watu kakupa shikamoo, tuseme wewe ungempita hivihivi. Meli tungekuwa nayo. Ila mimi ningekaaje na mtu wa namna hiyo?" Akaguna. "Magoti, lakini! Mwalimu, magoti yalihusu nini?"

Dorcas akaangua kicheko, akajaribu kukizuia, akashindwa.

"Usukani anashika Dorcas kuanzia leo," Ngosha akasema. "Wewe utachimba. Na ukiona maandishi, unaniita mimi."

"Nitachimba," akasema Rwehumbiza, akijifuta macho kwa kola ya shati. "Nitachimba, Ngosha. Nitachimba mpaka mnikataze."