Kichwa Kilichogoma Kuinuka

Nozeli ya bomba la dawa ya wadudu iliziba katikati ya shamba la nyanya, na mzee akafanya kama anavyofanya miaka yote: akaichomoa, akaitia mdomoni, akaipuliza. Bomba lenyewe lilikuwa likivuja mgongoni. Mkewe alishamsema mpaka akachoka. Walimfikisha hospitali anavuja mate na jasho kama kopo lililotoboka, mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano. Wakamvua nguo, wakamwosha, wakamchoma sindano za kumkausha mpaka kifua kikaacha kukoroma.

Kesho yake aliamka na maneno yake yote.

"Mke wangu, huyu sista kila mara ananitazama macho. Nadhani kanipenda."

"Akuchukue tu. Usiku mmoja wa kukoroma kwako, atakurudisha mwenyewe."

Muuguzi alicheka huku akiendelea na kazi. Akammulika macho, akasikiliza kifua, kisha akasema, "Haya baba, inua kichwa kutoka kwenye mto. Mikono usitumie."

Kichwa kikainuka. Muuguzi akaridhika, akaenda zake.

Wazee wawili wakatazamana kama watoto walioiba sukari. Mkono wa mke ulikuwa chini ya shingo ile, umefichwa na shuka. Mzee alikijua kipimo hicho tangu usiku walipompima, na asubuhi alikijaribu mwenyewe, kichwa kikagoma. Ndipo akamnong'oneza: "Nisukumie kidogo tu, mama watoto, turudi tukalale kwetu." Kwa sauti ile, mkewe hakuwahi kumnyima kitu.

Lakini roho ya mke haikutulia. Akamfuata muuguzi mlangoni.

"Mwanangu, hicho kichwa mnakipimia nini?"

"Sumu hii ina ujanja, mama. Mtu anaongea, anatania, kumbe misuli inalegea. Inaanza shingo, halafu kifua, pumzi zinakata. Lakini wa kwako kichwa kimepanda vizuri. Tunamhamishia wodi ya kawaida."

Mke akamshika muuguzi mkono.

"Kampime tena. Kichwa kile nilikiinua mimi."

Walirudi. Mzee akamkonyeza mkewe, akangoja. Mkewe hakusogea. Kidevu kikatetemeka, mishipa ikasimama, kichwa kikabaki pale pale kwenye mto.

"Mke wangu," akasema, kwa sauti ile ile.

"Hapana, baba watoto. Safari hii sikusukumi."

Muuguzi hakumgombeza mtu. Alimwita daktari, na kitanda kikasukumwa hadi kwenye chumba cha mashine za kupumulia. Ilikuwa vizuri walivyowahi, maana kabla jua halijazama kifua cha mzee kilichoka, wakampitishia mpira kooni, mashine ikashika kazi.

Mke akavuta kiti karibu. Macho ya mzee yalikuwa wazi, na mke alimjua mumewe: alikuwa na la kusema, na linamwasha. Akamtia kidole kiganjani, akasikia kikibanwa kidogo sana.

"Najua umenuna," akamwambia. "Nuna tu. Pumzi waachie hawa, maneno niachie mimi. Nyumbani tutakwenda, ila wote wawili."