Kichwa cha Rehani

Rehani alikuwa mpasua mawe kwenye ujenzi wa reli ya Wajerumani ilipokaribia Morogoro. Siku moja jiwe lilimrukia, likamvunja mfupa wa kichwa. Alipopona, juu ya sikio palibaki laini kama utosi wa kichanga, ngozi ikipanda na kushuka kwa kila pigo la moyo. Watu walitoka mbali, hata Kisaki, kuja kutazama, naye alifurahi kutazamwa.

Daktari mmoja wa Kijerumani alipopata habari, alimwita mjini pamoja na mkewe, Pili. Kupitia kwa mkalimani wake, Benedikto, alisema anataka kujua damu ya ubongoni hufanyaje presha ya mwili inapobadilika. Akamfunga Rehani mkononi mfuko wa mpira, wenye mrija uliokwenda kwenye bomba la zebaki, iliyopanda na kushuka pamoja na presha. Yeye angeangalia zebaki. Pili aangalie kichwa.

Rehani alilazwa, kisha akaamriwa asimame ghafla. Zebaki ikashuka. Pili akasema ngozi imebonyea. Chumba kilimzunguka Rehani, akacheka hovyo kama mtoto kwenye pembea. Hajamaliza kucheka, Pili akasema imerudi, inapiga vizuri, na kizunguzungu kikaisha.

Sasa daktari alitaka presha ipande. Akagonga sinia nyuma ya mgonjwa, lakini Rehani alishazoea baruti, hata hakupepesa. Akampa hesabu za kichwa. Rehani akaanza kusinzia. Pili akaomba ajaribu yeye.

"Mume wangu," alisema, "nina mimba."

Walikuwa wameomba mtoto miaka mingi. Zebaki ilipaa. Ngozi ikatuna, Pili akaogopa amemdhuru mumewe. Mara ikatulia, ikapiga kama kawaida, ingawa daktari alisema zebaki ingali juu. Alifurahi, akasema mbio mpaka Benedikto akashindwa kumfuata kwa kutafsiri. Mishipa ya ubongo, alisema, hujibana damu ikisukuma kwa nguvu, na hutanuka nguvu ikipungua, ili ubongo upate kiasi chake kile kile.

Rehani hakusikia hata neno. Alimuuliza mkewe kama ni kweli, au ni mambo ya kipimo.

"Ni kweli. Nilitaka nikuambie nyumbani, lakini nilimwonea huruma bwana daktari."

Daktari akaomba warudie. Pili akamwambia Benedikto amweleze kwamba habari kama ile haitolewi mara mbili.

Wakapanda milima ya Uluguru kurudi kwao. Kila waliyekutana naye Rehani alimpa habari, na kila kona aliketi kidogo, akacheka peke yake.