Njia ya Maziwa

Kifuniko cha mtungi wa maziwa kiligonga mara mbili jikoni, kuku wakiwa bado hawajashuka. Kogo Chepkurui alikigonga kwa makusudi. Zamani mjukuu wake Nelvine akisikia mlio huo aliruka kitandani, akashindana mbio na mama yake, Chepngeno, hadi kwa mpima maziwa. Hakumshinda hata siku moja.

Siku hizi mlio haukuinua mtu. Chepngeno alizikwa mwaka jana; ugonjwa wa sukari ulimmaliza akiwa bado kijana. Nelvine, mwenye miaka tisa, akaenda kuishi na babake Nakuru, ghorofa ya nne, geti limefungwa, runinga imewashwa. Alinenepa hadi akawa anahema akipanda ngazi. Daktari alisema waziwazi: mtoto huyu asipokimbia na kucheza, sukari itamtafuta naye. Ndipo akaletwa Kimulot kwa Kogo likizo ya Agosti, na kamba ya kuruka ndani ya begi.

"Nelvine, amka tupeleke maziwa."

"Miguu inauma, Kogo."

"Jana ilikuwa tumbo. Kesho itauma nywele?"

Mtoto alicheka kidogo, akajifunika tena.

Siku ya tano Kogo alichoka. "Huu ni uvivu tu! Mama yako hakuwa hivi."

Alitamani kulirudisha neno hilo mdomoni. Nelvine hakulia. Alisema akiwa chini ya blanketi, "Njia inapita pale. Mlinificha jikoni, nikasikia tu mkiimba. Sijui amelala vipi. Nikikimbia nitamkanyaga."

Kogo aliketi kitandani. Ni yeye aliyemfungia jikoni siku ile ya mazishi, na kikombe cha chai yenye sukari nyingi. Kwa wazee wake mtoto mdogo hakusogezwa kaburini, naye aliamini anamkinga.

"Inuka, mama," alisema polepole. "Hutamkanyaga. Twende nikuonyeshe."

Walipita katikati ya majani chai, umande ukilowesha sketi zao. Mlima mdogo tu, wakapumzika mara mbili: mmoja pumzi, mwingine goti. Mwisho wa shamba, kando ya ua, kaburi lilikuwa safi, halina jani hata moja la magugu. Gesare, mchumaji chai kutoka Kisii, alikuwa ameinama hapo, kikapu mgongoni.

"Kumbe ni wewe unayepalilia?" Kogo aliuliza.

"Si napita tu hapa, mama. Wakati wa baridi alikuwa ananipa uji."

Kogo alimshika mkono.

Nelvine alilizunguka kaburi akipima kwa nyayo. "Ni hapa tu? Njia haimgusi?"

"Haimgusi."

Kwa mpima maziwa, Mzee Mbuthia alikuwa ameshafunga daftari. "Mmekuja na konokono? Mama yako alikuwa ananikuta bado natafuta ufunguo!"

"Kesho utaona," Nelvine alisema, jasho likimtiririka.

Kesho yake alikimbia hadi kwenye mti wa kwanza, akatembea kilichobaki. Keshokutwa akafika wa pili. Jioni aliruka kamba uani, Kogo akimhesabia na kukosea kila mara wakicheka.

Asubuhi ya kuondoka, Nelvine alitoka kabla kifuniko hakijagonga mara ya pili. Kogo alimkuta kaburini, mikono magotini, kifua kikipanda na kushuka.

"Nimekushinda, Mama," alikuwa akisema. "Leo nimekushinda." Halafu akalia, kilio alichokuwa amekiweka tangu siku ile ya jikoni. Kogo aliweka mtungi chini, akamkumbatia mpaka kikaisha chenyewe.

"Nikirudi Nakuru, nani atamkimbilia?"

"Mimi siwezi kukimbia, mama. Nitamtembelea tu."

Kogo alimpangusa uso kwa ncha ya leso. Kule barabarani gari la babake lilikuwa limeshapiga honi.

"Huko nako ukimbie, hata kama ni ngazi tu," alisema. "Na Desemba uje tena. Utusalimie sote wawili, mimi na mama yako."